Anna May Wong: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nyota wa filamu bubu

Picha yake huzunguka sana mitandaoni: nywele zimekatwa sawasawa juu ya nyusi, macho yamekazia kamera bila wasiwasi. Wengi huikuta hivyo tu, bila maelezo, kisha huanza kuuliza. Majibu mengine hapa chini ni ya mstari mmoja au miwili, mengine ni marefu, maana kuna maswali ambayo ukiyajibu kwa mkato unampotosha mtu.

Anna May Wong alikuwa nani?

Mwigizaji wa Marekani mwenye asili ya Kichina. Alizaliwa Los Angeles tarehe 3 Januari 1905, akafariki Santa Monica, jirani tu na mji huohuo, tarehe 3 Februari 1961. Alicheza takriban filamu 60. Alianza zama za filamu bubu, akavuka hadi filamu za sauti, akapanda jukwaani London na New York, na mwishoni akaingia kwenye televisheni. Hutajwa kuwa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Kichina kuwa nyota wa Hollywood, na sifa hiyo sijaona mtu akiipinga.

Jina hilo ndilo alilopewa na wazazi?

Hapana. Nyumbani aliitwa Wong Liu Tsong, na Wong ni jina la ukoo, ambalo kwa desturi ya Kichina hutangulia. “Anna May Wong” alijitungia mwenyewe alipokuwa na miaka kama kumi na mmoja, akijiandalia jina la kwenye bango kabla hajapata hata nafasi ya kupita mbele ya kamera.

Alikuwa Mchina au Mmarekani?

Mmarekani, na si wa jana. Babu zake walifika California katikati ya karne ya 19, nyakati za kukimbilia dhahabu, na wazazi wake wote wawili walizaliwa Marekani. Baba yake, Wong Sam Sing, alikuwa na duka la dobi Los Angeles.

Sheria, hata hivyo, haikumtazama hivyo. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia Wachina kuhamia nchini humo, na haikufutwa hadi 1943. Kwa Mmarekani mwenye sura ya Kichina maana yake ilikuwa hii: kila ukitaka kusafiri nje, lazima kwanza ujaze fomu ya uhamiaji iliyojulikana kama Fomu 430, uhojiwe, uthibitishe kwamba kweli ulizaliwa Marekani, ndipo uwe na hakika ya kuruhusiwa kurudi kwenu. Fomu yenyewe ilimwita mwombaji raia “anayedaiwa” kuwa wa Marekani. Anna May Wong alizijaza fomu hizo hata alipokuwa maarufu, na nakala zake bado zimo kwenye nyaraka za serikali, zikiwa na picha yake. Mtu ambaye sura yake ilikuwa kwenye majarida ya Ulaya nzima alilazimika kuthibitisha kwa karani kwamba yeye ni yeye.

Aliingiaje kwenye sinema?

Kwa utoro. Alitoroka shule na kutumia pesa za chakula cha mchana kununua tiketi. Wakati huo kampuni za filamu zilikuwa zimehamia Los Angeles kutoka mashariki mwa nchi, na mara nyingi zilipiga picha mitaani, mtaa wa Wachina, Chinatown, ukiwemo. Yeye alisimama pembeni akitazama, akauliza maswali mengi mno, mpaka wafanyakazi wakamzoea na kumpa jina la utani la mtoto wa Kichina mdadisi.

Mwaka 1919 kampuni ya Metro ilihitaji wanawake 300 wa kujaza mandhari katika filamu *The Red Lantern*, ambayo nyota wake alikuwa Alla Nazimova. Mtu aliyemfahamu baba yake akamsaidia kupata nafasi, naye akaonekana kwa muda mfupi amebeba taa, baba akiwa hana habari. Miaka miwili baadaye aliacha shule ya sekondari kabisa. Baba hakufurahi. Alipokubali alitaka awepo mtu mzima wa kumwangalia binti yake, na kuna nyakati binti alifungiwa kwa ufunguo kwenye chumba cha kubadilishia nguo kati ya onyesho moja na jingine. Filamu ya kwanza iliyoandika jina lake ni *Bits of Life* ya 1921, ambamo alikuwa mke wa mhusika aliyechezwa na Lon Chaney. Chaney hakuwa Mchina. Alipakwa tu vipodozi akawa “Mchina”. Mambo hayo yalimwandama mpaka uzeeni.

Filamu bubu zilikuwaje? Watu walikaa kimya tu wakitazama?

Hapakuwa na kimya. Ukumbi mdogo ulikuwa na mpiga piano, ukumbi mkubwa ulikuwa na okestra nzima. Mazungumzo yaliandikwa kwenye vibao vilivyoonyeshwa kati ya picha na picha. Na hao watu wanaotembea kasi kama wamepigwa na umeme hawakuigiza hivyo: filamu nyingi zilipigwa kwa picha chache kwa sekunde, kisha zikaja kuonyeshwa kwa mashine za kisasa zenye mwendo wa picha 24.

Kwa mwigizaji, kazi yote ilikuwa ya uso na mwili. Wengi wa zama zile walitumia mikono mingi na vifua vya kupanda na kushuka. Anna May Wong alicheza kwa utulivu, ndiyo maana leo haonekani wa kizamani kama wenzake. Tazama anavyomsikiliza mhusika mwingine: hafanyi lolote, na bado unajua amekwisha kuelewa kuwa anadanganywa.

Filamu iliyomtoa ni ipi?

*The Toll of the Sea* ya 1922. Alikuwa na miaka 17 na ndiye kinara wa filamu. Hadithi yake, iliyoandikwa na Frances Marion, ni ile ya opera ya Madame Butterfly iliyohamishiwa China: msichana anamwokoa Mmarekani kutoka baharini, wanapendana, mwanamume anaondoka na kumwacha na mimba, anarudi na mke wa Kizungu, na msichana anawakabidhi mtoto kabla ya kujiachia baharini.

Filamu hii ina umaarufu wa pili, wa kiufundi. Ni filamu ndefu ya pili ya Technicolor, kampuni ya filamu za rangi, na ya kwanza ya kampuni hiyo iliyoweza kuonyeshwa kwa mashine ya kawaida ya ukumbini. Rangi zilikuwa mbili tu, nyekundu na kijani, kwa hiyo bustani na nguo zinang'aa huku bahari na anga havikupata bluu yake halisi. Wakosoaji walimsifu sana binti huyo, hasa kwa kulia bila kuzidisha.

Kwa miongo mingi filamu hiyo ilidhaniwa imepotea. Negativu yake, yaani utepe wa asili wa kuchapishia nakala, ilipopatikana, wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliikarabati mwaka 1985. Sehemu ya mwisho haikuwepo, hivyo walikwenda ufukweni na kamera ya zamani ya rangi mbili wakapiga upya picha za bahari. Anayeona mawimbi ya mwisho, anaona mawimbi ya miaka ya 1980.

Kwa nini anakufa karibu kila filamu?

Hili ndilo swali la msingi, na jibu lake si “waandishi walipenda misiba”.

California ilikataza ndoa kati ya Wazungu na watu iliowaita Wamongolia, Wachina wakiwemo, na katazo hilo lilidumu hadi mahakama ya juu ya jimbo ilipolifuta mwaka 1948. Wenye studio walihofia bodi za ukaguzi na wenye kumbi, hasa majimbo ya kusini, kwa hiyo hata kabla ya kuandikiwa kanuni walijizuia wenyewe. Kisha mwaka 1930 wakaja na kanuni rasmi ya maadili ya filamu, ikaanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, nayo ilipiga marufuku mapenzi ya watu wa rangi tofauti kwenye skrini.

Sasa fuata hesabu yenyewe. Shujaa wa kiume ni Mzungu, kwa sababu studio haikumwamini mwingine yeyote kuuza tiketi. Mwanamke atakayembusu mwishoni lazima awe Mzungu. Ikiwa hadithi inataka mwanamke huyo awe Mchina, basi atatafutwa mwigizaji wa Kizungu, atapakwa rangi na kuvutwa macho kwa gundi. Mwaka 1927 katika *Mr. Wu* binti wa Kichina alikuwa Renée Adorée, Mfaransa. Mwaka 1928 katika *The Crimson City* alikuwa Myrna Loy wa Montana. Anna May Wong alikuwemo katika filamu zote mbili, kwenye nafasi za pembeni, akimtazama Mzungu akiigiza kuwa yeye.

Zilizobaki kwake zilikuwa nafasi za aina mbili: msichana mwema anayependa asichoweza kukipata, au mwanamke mjanja mwenye jambia. Wa kwanza hujiua, wa pili huuawa. Akishaondoka njiani, Wazungu wawili wanaweza kufunga ndoa na taa za ukumbini zikawashwa. Angepata mwenza wa Kiasia mambo yangekuwa tofauti, lakini nyota mkubwa wa kiume wa Kiasia Hollywood, Mjapani Sessue Hayakawa, aliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1920 na akarudi kwa muda mfupi tu.

Yeye mwenyewe hakunyamaza. Mwaka 1933 akiwa London alimweleza mwandishi wa jarida la filamu kuwa amechoshwa na sehemu anazopewa, akauliza kwa nini Mchina wa kwenye skrini lazima awe mhalifu, muuaji, nyoka aliyejificha majanini.

Ni kweli aliwahi kuanzisha kampuni yake?

Ndiyo, mwaka 1924, akitaka kutengeneza filamu za hadithi za Kichina. Mwenzake wa biashara aligeuka kuwa si mwaminifu na kampuni ikafa. Mwaka huohuo alionekana kama mtumwa wa Kimongolia katika *The Thief of Bagdad* ya Douglas Fairbanks, filamu iliyotazamwa kote duniani, na kama Tiger Lily katika *Peter Pan*.

Kwa nini alihamia Ulaya?

Kwa sababu kule alipewa nafasi ya mbele. Mwaka 1928 alipanda meli na dada yake Lulu hadi Ujerumani, ambako mwongozaji Richard Eichberg alimfanya kinara wa *Song*, kisha *Grosstadtschmetterling*. Berlin ikampokea kama malkia. Mwanafalsafa Walter Benjamin alikutana naye na kuandika makala juu yake.

Kisha Uingereza, *Piccadilly* ya E. A. Dupont, mwaka 1929. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake bora kabisa, na mtu akitaka kuona filamu moja tu ya bubu ya miaka ile, namtajia hii kabla ya nyingine zenye majina makubwa. Anacheza Shosho, mwosha vyombo katika klabu ya usiku ya London. Mwenye klabu anashuka jikoni kufuatilia sahani chafu, anamkuta anacheza ngoma juu ya meza huku wenzake wakimtazama. Anamfukuza. Baadaye anamwita apande jukwaani. Nyota aliyeandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango ni Gilda Gray, Mmarekani mzaliwa wa Poland, lakini Shosho akishatokea humkumbuki tena Gilda Gray yuko wapi. Angalia hasa pale anapojadiliana malipo na mavazi: ni mfanyakazi wa jikoni anayejua thamani yake na hana haraka.

Usidhani Ulaya ilikuwa peponi. Shosho naye anauawa, na busu kati yake na mwenye klabu halikuonyeshwa.

Ujio wa sauti ulimmaliza kama ulivyowamaliza wengine?

La. Hii ni hadithi ya kawaida ambayo watu humbandika kila nyota wa filamu bubu, na kwake haimfai. Alipopanda jukwaani London mwaka 1929 katika tamthilia ya *The Circle of Chalk*, pamoja na kijana Laurence Olivier, wakosoaji walilalamikia lafudhi yake ya California. Akatafuta mwalimu wa sauti, akatoka na Kiingereza cha kifalme. Filamu yake ya kwanza ya kuzungumza, mwaka 1930, ilipigwa mara tatu kwa lugha tatu, na alicheza zote mwenyewe: Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Ni wangapi kati ya nyota wa leo wangeweza?

Studio ya Paramount ikamrudisha Marekani. Katika *Daughter of the Dragon* ya 1931 alilipwa dola 6,000 kama mhusika mkuu, huku Warner Oland, Mswidi aliyepakwa rangi kuwa Fu Manchu, mhalifu wa Kichina wa kubuni, na kutoweka mapema, akipata 12,000. Mwaka uliofuata ikaja *Shanghai Express* ya Josef von Sternberg. Marlene Dietrich ndiye nyota, ila Hui Fei wa Anna May Wong ndiye anayemuua mbabe wa vita na kuokoa treni nzima. Sauti yake humo ni nzito na ya chini, kila neno limepimwa. Kilichomzuia hakikuwa koo.

Kisa cha *The Good Earth* ni kipi?

Riwaya ya Pearl S. Buck ya 1931 kuhusu wakulima wa China ilisomwa sana, na wenye studio ya MGM wakaamua kuifanya filamu. Nafasi ya O-Lan, mke wa mkulima, ilikuwa ile ambayo mwigizaji wa Kichina angeweza kuisubiri maisha yake yote: mama, mvumilivu, mwenye heshima. Anna May Wong aliitaka, na magazeti yakasema wazi kuwa ni ya kwake.

MGM wakampa Paul Muni, Mzungu, nafasi ya mume. Hapo ndipo mlango ulipofungwa, kwa hesabu ileile niliyoieleza juu: mume akiwa Mzungu, mke hawezi kuwa Mchina, hata kama wote wawili katika hadithi ni Wachina. O-Lan akapewa Luise Rainer, Mjerumani, aliyekuja kushinda Oscar kwa kazi hiyo.

Wong alifanyiwa majaribio ya nafasi ya Lotus, suria anayevuruga nyumba. Alivyoeleza mwenyewe, alikataa: O-Lan angemcheza kwa furaha, lakini hakuwa tayari kuwa mtu pekee mwenye damu ya Kichina miongoni mwa wahusika wakuu na apewe ubaya peke yake. Kuna watafiti wanaosema nafasi hiyo haikufikia kuwa mkononi mwake kikamilifu. Kwa vyovyote, mnamo Januari 1936 alikuwa melini kuelekea China.

Wachina walimpokeaje?

Kwa umati bandarini na kwa maneno makali magazetini. Serikali ya China na waandishi wengi walimlaumu kwa kuicheza China kama nchi ya masuria na wauaji. *Shanghai Express* ilikuwa imepigwa marufuku huko. Aliwajibu kwamba nafasi zile asingezichukua yeye, angechukua mwingine. Walioziandika hawakuwepo pale kuulizwa. Alikaa miezi kadhaa, akatembelea kijiji cha ukoo wake karibu na Taishan, akajifunza lugha ya Beijing, kwa kuwa ya nyumbani kwao ilikuwa tofauti. Marekani alikuwa Mchina mno, China hakuwa Mchina wa kutosha.

Baada ya hapo?

Alirudi na masharti. Paramount walimpa filamu ndogo za bei nafuu, na humo, ajabu, ndimo alimopata wahusika wa heshima: katika *Daughter of Shanghai* ya 1937 ni mpelelezi wa hiari anayevunja genge, mwenzake ni Philip Ahn, Mmarekani wa asili ya Korea, na mwishoni wote wawili wako hai. Wakati wa vita alicheza filamu mbili za mwaka 1942 na malipo yake akayatoa kuwasaidia wahanga wa vita China.

Mwaka 1951 alipata kipindi cha televisheni, *The Gallery of Madame Liu-Tsong*, kwenye mtandao wa DuMont, cha kwanza Marekani kuwa na kinara wa asili ya Kiasia. Kilidumu miezi michache. Hakuna nakala yoyote inayojulikana kuwepo.

Aliolewa?

Hakuolewa kamwe, wala hakuzaa. Sheria ya ndoa niliyoitaja juu ilihusu maisha yake pia.

Kwa nini filamu zake nyingi hazipatikani?

Utepe wa zamani ulikuwa wa nitreti, unaowaka upesi na kuoza ukihifadhiwa vibaya, na studio zilizitupa filamu bubu pindi zilipoacha kuingiza pesa. Utafiti wa Maktaba ya Bunge la Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kati ya filamu ndefu za bubu karibu 11,000 zilizotengenezwa Marekani kati ya 1912 na 1929, ni asilimia 14 tu zilizopo katika umbo lake la awali. Yeye amebahatika kuliko wengi.

Alikufa kwa nini, na ni kweli yuko kwenye sarafu?

Mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 56, baada ya kuugua ini kwa muda mrefu. Majivu yake yako Los Angeles katika kaburi la mama yake, ambaye aligongwa na gari mwaka 1930. Sarafu ni kweli: mwaka 2022 sura yake iliwekwa kwenye robo dola, akawa Mmarekani wa kwanza wa asili ya Kiasia kwenye fedha za nchi hiyo.

Nianze na filamu ipi?

*Piccadilly*, katika toleo lililokarabatiwa na taasisi ya filamu ya Uingereza, kisha *Shanghai Express* ili umsikie. *The Toll of the Sea* haina tena hakimiliki, inapatikana bure mtandaoni, na haizidi saa moja, hivyo bando halitakuumiza sana. *Daughter of the Dragon* iache mpaka mwisho. Ukiianza hiyo utadhani wote tunaomsifu tumepotoka.